Stempu iko kwenye pakiti, sigara inauzwa mojamoja

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Kenya, ya mwaka 2007, inakataza kuuza sigara kwenye pakiti yenye chini ya sigara kumi. Kwa hiyo kuuza mojamoja ni kosa. Sasa toka hapo ulipo, nenda kwenye kibanda cha karibu, uombe pakiti nzima. Mwenye kibanda atakutazama mara mbili. Wengine hawana hata hiyo pakiti nzima ya kukuuzia. Wanayo iliyofunguliwa tayari, imekaa kando ya mkebe wa peremende, na kiberiti cha gesi kimefungwa kamba kwenye msumari kisije kikaondoka na mteja. Unatoa sarafu, unachomoa fegi yako, unaiwasha palepale, unakwenda zako.

Tunapozungumzia sigara za magendo huwa tunatazama mbali: mpakani, lori limepekuliwa, maofisa wamepanga makatoni mbele ya kamera. Habari zikisomwa tunaona kazi imefanyika. Mimi kwetu ni huko huko magharibi, na kadiri ninavyoitazama biashara hii ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba moyo wake uko kwenye hicho kibanda. Karibu kila kitu ambacho serikali imejenga kuzuia magendo ya sigara, kuanzia stempu hadi mashine za kupiga malori picha, kinalinda pakiti. Na mtaani pakiti hainunuliwi.

Kaka yangu ana duka kando ya barabara ya Malaba, kabla hujafika Bungoma mjini ukitokea mpaka wa Uganda. Duka la kawaida: unga, sukari ya kupima, sabuni ya kipande, mafuta ya kupikia ya kujaza kwenye chupa ndogo, na sigara. Likizo moja nilikaa naye nyuma ya kaunta mchana kutwa, nikaitazama ile pakiti yake. Kona zimelainika kama kitambaa, kifuniko kimeshikizwa kwa selotepu, na stempu ya ushuru ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, bado imebandikwa juu yake, imefifia kwa kushikwashikwa. Ilikuwa stempu halali kabisa. Nikachomoa sigara moja. Jina lililochapishwa karibu na kichungi halikuwa jina la pakiti.

Nikamwuliza. Akacheka. “Hii pakiti ni ya kukalia tu, ndugu yangu. Wateja wanajua wanachonunua.”

Pakiti ile ilinunuliwa siku moja kwa njia halali, ikaisha, ikabaki kuwa chombo. Tangu hapo inajazwa na kuisha, inajazwa na kuisha. Hata ungeielekezea simu yenye Soma Label, ile programu ya KRA ya kukagua stempu, ukabahatika stempu ikasomeka, ungejibiwa kwamba bidhaa ni halali, na programu isingekuwa imekosea. Imeulizwa habari za karatasi, imejibu habari za karatasi.

Nilidhani kinachomvuta kaka ni bei. Ni kweli bei ina sehemu yake, anapata shilingi mbili tatu zaidi kwa kila fegi na mteja naye anapunguziwa. Lakini alipoanza kunieleza, bei hakuikazia sana. Alizungumzia mkopo. Gari la wakala wa kampuni hupita mchana, na muuzaji wake hataki maneno mengi: M-Pesa iingie kwanza ndipo katoni ishuke. Kijana wa boda yeye hupita jioni, anaacha katoni, anauliza habari za watoto, anaondoka. Pesa atazikuta akirudi. Kwa mtu ambaye asubuhi hana hakika kama atauza vya kutosha kununua bando la unga kesho yake, huyo kijana ni zaidi ya msambazaji. Ni benki yake. Mikutano mingi inayoitishwa kuzungumzia magendo hailigusi hili hata kidogo, ilhali ndilo linalofanya mwenye duka afunge mdomo. Utamripotije mtu unayedaiwa naye, na ambaye kesho utamhitaji tena?

Tuje kwenye hesabu za mpakani, maana bila hizo huwezi kuelewa kwa nini kijana huyo yuko barabarani. Tangu mwishoni mwa Desemba 2024, Kenya hutoza ushuru wa bidhaa wa Ksh 4,100 kwa kila sigara 1,000, ziwe na kichungi au zisiwe nacho. Ni shilingi nne na senti kumi kwa kila sigara, kabla ya VAT. Upande wa pili, kwa miaka kadhaa kabla ya marekebisho ya 2025, sigara za pakiti laini zilizotengenezwa Uganda zilitozwa Ush 55,000 kwa idadi hiyohiyo. Ukibadilisha pesa, ni kama Ksh 2,000. Boksi kubwa linalotoka kiwandani huwa na sigara 10,000. Upande wetu ushuru wake ni Ksh 41,000, upande wao ulikuwa kama 20,000. Hilo ni boksi ambalo pikipiki hulibeba bila kuyumba, na ndani yake kuna tofauti ya zaidi ya elfu ishirini ya kugawana kati ya mwenye mali, mvushaji, mwenye stoo, msambazaji, mwenye kibanda, na yeyote atakayekutwa njiani akiwa na mkono wazi.

Hapo nimehesabu sigara ambazo angalau zililipiwa ushuru Kampala. Kuna zile ambazo hazikulipiwa popote. Sigara ikiandikwa kwamba inauzwa nje ya nchi, hailipiwi ushuru inakotengenezwa, kwa sababu italipiwa inakokwenda. Utaratibu huo ni wa kawaida duniani kote na hauna ubaya wowote, mpaka mzigo ulioandikwa kwamba unakwenda Sudan Kusini au Kongo unaposhushwa katikati ya safari. Hapo mwenye mali hana tofauti ya nchi mbili ya kuchezea. Ushuru wote ni wake.

Busia ni mji mmoja wenye nchi mbili. Kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa na Rais Kenyatta na Rais Museveni mwezi Februari 2018, na kwa malori kimesaidia sana. Ile foleni ya siku nzima ilipungua. Lakini lori ndilo linalopita getini. Wasamia wako pande zote mbili, Wateso wako pande zote mbili, na mtu anavuka kwenda matangani kwa shangazi yake bila kuona kwamba amekwenda ng’ambo. Njia anazopita huyo ndizo zinazoitwa njia za panya na watu wa habari. Wenyeji wengi wanaziita njia tu. Zinapita nyuma ya nyumba, kwenye vivuko vya mito, katikati ya mashamba ya mihogo. Kusini kuna Ziwa Viktoria, na kuanzia Sio Port kwenda chini mtumbwi wa kuvulia samaki hauna sababu ya kurudi mtupu. Ukiweka ofisa kwenye kila uchochoro utahitaji jeshi, na hilo jeshi nalo litakuwa na mishahara midogo na watoto shuleni.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2004, inaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 5 kwa kuingiza bidhaa za magendo, na chombo alichotumia hutaifishwa. Maneno mazito hayo. Anayekutana nayo ni nani? Ni yule wa boda, ambaye mara nyingi hata pikipiki si yake, ameichukua kwa mkataba na kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri. Mwenye boksi hakeshi barabarani wala havuki mto. Nimewahi kuwasikia vijana stendi wakizungumzia mwenzao aliyekamatwa, wakataja faini, wakataja pikipiki iliyozuiliwa, wakataja mama yake aliyeuza ng’ombe. Mwenye mzigo hakutajwa na yeyote, na sidhani ni kwa sababu hawamjui.

Nisichanganye mambo mawili ambayo magazeti huyachanganya kila wiki. Sigara ya magendo si lazima iwe bandia. Nyingi ya zinazovuka Busia na Malaba ni sigara halisi za kiwanda kinachojulikana, zenye jina lake na stempu ya Uganda. KRA yenyewe imetangaza mara nyingi kukamata shehena za Supermatch kutoka ng’ambo. Kosa lake ni kwamba hazikulipiwa ushuru hapa. Bandia ni nyingine: mtu amechapisha pakiti ya jina la mwenzake na kujaza anachojua yeye. Halafu kuna stempu bandia, ambazo nazo zimeshakamatwa, na hizo zinaweza kubandikwa kwenye sigara halisi au bandia, kutegemea mwenye gundi ana nini mezani. Kila moja ina dawa yake. Ukipeleka wataalamu wa alama za biashara kwenda kuzuia sigara halisi ya Uganda, watarudi mikono mitupu.

Na hapa kuna jambo linaloniudhi. Kampeni nyingi za kupinga sigara bandia humwambia mvutaji kwamba atavuta uchafu: vumbi la mbao, vinyesi vya panya, madini yasiyojulikana. Huenda ni kweli kwa baadhi. Lakini sikiliza ujumbe unaobaki kichwani: vuta ile yenye stempu, hiyo ni salama. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 7 wanaouawa na tumbaku kila mwaka, na wengi mno kati yao wameuawa na sigara iliyolipiwa ushuru hadi senti ya mwisho. Stempu ni risiti ya Hazina. Mapafu hayaisomi.

Serikali haikukaa bure, tuseme haki. Mwaka 2013 KRA ilianza mfumo wa kusimamia bidhaa za ushuru, ule wa stempu zenye alama za siri na namba ya kufuatilia kila pakiti tangu kiwandani, ukiendeshwa kwa teknolojia ya kampuni ya Uswisi, SICPA. Tumbaku, mvinyo na pombe kali ndizo zilizoanza. Utafiti uliochapishwa na Benki ya Dunia mwaka 2019 ulieleza kwamba sehemu ya sigara haramu katika soko la Kenya ilishuka kutoka takriban asilimia 15 hadi 5. Tanzania nayo ikaanza stempu zake za kielektroniki Januari 2019, na Uganda ikafuata mwishoni mwa mwaka huohuo. Kenya ikajiunga mwaka 2020 na Itifaki ya Kukomesha Biashara Haramu ya Bidhaa za Tumbaku, iliyopitishwa Seoul mwaka 2012 na kuanza kutumika Septemba 2018. Si kazi ndogo.

Siku hizi takwimu unazozisikia ni nyingine kabisa. Kampuni za sigara zinasema magendo yamepanda tena, yamechukua sehemu kubwa ya soko, na lawama wanaitupa moja kwa moja kwenye ushuru: punguzeni, mtaona magendo yanakwisha. Kila bajeti inapokaribia wimbo ni huo. Sikatai kwamba magendo yameongezeka. Nimeiona pakiti ya kaka. Ila mimi hupenda kujua anayehesabu anauza nini.

Historia ya wahesabuji hawa inafaa isomwe polepole. Miaka ya 1990 Kanada ilipandisha ushuru wa sigara, magendo yakafumuka, na kampuni zikapiga kelele kwamba ushuru ndio uliosababisha. Serikali ikapunguza. Baadaye ikajulikana sigara zile za magendo zilitoka wapi: kampuni zenyewe zilikuwa zikiziuza Marekani zikijua fika kwamba zitarudishwa Kanada kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2008 Imperial Tobacco Canada na Rothmans, Benson & Hedges zilikiri makosa, na faini pamoja na malipo ya suluhu vikazidi dola bilioni moja za Kanada. JTI-Macdonald ikafuata mwaka 2010. Ulaya nako, Philip Morris ilikubali mwaka 2004 kulipa Umoja wa Ulaya dola bilioni 1.25 za Marekani katika miaka 12 ili kumaliza mvutano wa magendo, ingawa haikukiri kosa. Kampuni nyingine tatu kubwa zikaweka mikataba ya namna hiyo kati ya 2007 na 2010. Hata mwaka 2014 Uingereza iliitoza kampuni ya sigara ya BAT faini ya pauni 650,000 kwa kupeleka Ubelgiji tumbaku ya kusokota nyingi kuliko Wabelgiji walivyoweza kuivuta. Ilikuwa ikirudi Uingereza kimagendo.

Ndiyo maana itifaki ile inasema wazi kwamba kazi ya kufuatilia pakiti isikabidhiwe kampuni za tumbaku. Philip Morris walikuwa wameunda mfumo wao, Codentify, wakawa wanaupigia debe kwa serikali mbalimbali. Huwezi kumpa fisi zizi alinde eti kwa sababu anawajua mbuzi kwa majina.

Na ushuru? Uingereza ni mahali pazuri pa kupimia. Mwaka 2000 zaidi ya sigara moja katika kila tano zilizovutwa huko ilikuwa ya magendo. Serikali ikaandaa mkakati wa forodha, ikaweka skana, ikafuata mikondo ya usambazaji, ikawabana watengenezaji. Katika miaka iliyofuata ushuru ulizidi kupanda, na sehemu ya magendo ikashuka hadi takriban moja katika kumi. Kama ushuru peke yake ndio ungekuwa chanzo, hesabu hiyo isingewezekana. Ushuru unatengeneza faida ya kuvusha, sawa. Lakini anayeamua kama mtu atavusha na kuuza bila hofu ni usimamizi wa njia na wa soko.

Uingereza hiyohiyo ina funzo jingine ambalo kwetu halizungumzwi, na ni la mitaani kabisa. Kaskazini mwa nchi, kwenye miji ya wafanyakazi kama ile ya kandokando ya Newcastle na Manchester, mashirika ya afya na maofisa wa biashara walianzisha mpango wa pamoja wa kupambana na tumbaku haramu. Walichokikuta kingemfurahisha kaka yangu. Muuzaji wa magendo alionekana mtu mwema, anayewasaidia maskini kupata sigara kwa bei nafuu. Waambie watu kwamba serikali inapoteza kodi, hakuna aliyejali. Nani amewahi kumlilia mtoza kodi? Kilichowatikisa ni watoto. Dukani unaulizwa umri, angalau wakati mwingine. Yule anayeuza nyumbani kwake, kwenye gari la aiskrimu, nyuma ya baa, haulizi. Ujumbe ukageuzwa: mtu huyu anamuuzia mtoto wako. Ripoti zikaanza kuja.

Nimeifikiria habari hiyo kila ninaposikia tangazo la redio linaloanza na “taifa linapoteza mabilioni”. Mama wa Kanduyi hajawahi kuyaona hayo mabilioni hata kabla hayajapotea. Lakini mwambie kwamba mwanawe wa darasa la nane hawezi kununua pakiti nzima ila fegi moja anaweza, kwa sarafu aliyopewa ya mandazi, na uone kama hatasimama. Pakiti ya Kenya ina onyo kwa Kiswahili na Kiingereza, na tangu 2016 ina picha za kutisha. Fegi haina onyo, haina picha, haina umri. Uganda kwenyewe, kwa sheria yake ya mwaka 2015, ni kosa kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 21, na kuuza mojamoja pia kumekatazwa. Kwa hiyo sigara imetoka kwenye nchi yenye masharti makali kuliko yetu, ikavuka mto usiku, na asubuhi inauzwa mkabala na geti la shule upande huu. Kabla ya kufika kwenye ushuru tayari kuna sababu ya kukasirika.

Jirani akikasirika, atamwambia nani? Hapo ndipo mambo huwa magumu. Namba ya kuripoti KRA ipo. Chifu yupo, wazee wa Nyumba Kumi wapo. Lakini mtaa ni mdomo. Ukimwambia mzee wa mtaa asubuhi, jioni boda anajua. Na askari wa doria kila mtu anamjua kwa jina, na anajulikana anakunywa chai yake kwenye kibanda kipi. Sisemi wote ni hivyo. Nasema mtu anayeishi hapo, ambaye mlango wake ni wa bati na kufuli la shilingi mia, atapiga hesabu yake kabla ya kufungua mdomo, na simlaumu. Kumtaka mwananchi awe jasusi wa Hazina ni kumwachia mzigo ambao wenye mishahara na magari wameshindwa kuubeba.

Ndiyo maana naegemea njia isiyohitaji jasusi. Kila kibanda na kila duka mtaani tayari lina mgeni wa serikali: kanjo, yaani ofisa wa kaunti. Leseni za biashara ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na kila mwaka ofisa wa kaunti hupita mlango hadi mlango kuangalia kama umelipa. Ofisa wa afya ya umma naye hupita, na kwa sheria ya tumbaku ana mamlaka ya kuingia na kukagua. Hawa wawili hawahitaji skana wala Soma Label. Wanahitaji kuuliza jambo moja: pakiti iliyofunguliwa inafanya nini juu ya kaunta? Ukiizuia hiyo pakiti, ule mchezo wa kujaza na kujaza tena unakufa, kwa sababu sasa kila mauzo yanapita na pakiti iliyofungwa, na iliyofungwa ina stempu au haina. Hapo ndipo stempu inapoanza kufanya kazi iliyotengenezewa. Leo ni kama tumeweka kufuli zuri kwenye mlango wa nyumba isiyo na ukuta.

Nilipomwambia kaka, alikuwa na jibu tayari: kanjo atapata tu kitu kipya cha kuombea hongo. Huenda. Kanjo wa kwetu hahitaji mafunzo katika somo hilo. Lakini tofauti ipo kati ya kosa linaloonekana na lisiloonekana. Sigara ya magendo ndani ya pakiti halali haionekani, na ofisa aliyelipwa anaweza kusema hakuiona. Pakiti iliyofunguliwa juu ya kaunta inaonekana na kila mteja, na mzazi anayepeleka mtoto shuleni, na mwalimu. Ofisa akipita hapo kila siku bila kusema neno, hahitajiki mpelelezi kujua amelipwa.

Pingamizi zito zaidi ni jingine, na kaka hakulitaja. Afrika Kusini ilipiga marufuku uuzaji wote wa sigara wakati wa korona, kuanzia mwisho wa Machi hadi katikati ya Agosti 2020. Wavutaji wengi waliendelea kununua, kwa bei ya kuruka, kutoka kwa watu ambao kabla ya hapo hawakuwa na wateja hao. Marufuku ilipoondolewa wauzaji wale hawakuondoka. Je, kuzuia mojamoja si kuwapa wavushaji zawadi ya namna hiyo? Naona hapana, kwa sababu hapa sigara halali inabaki dukani, kwenye pakiti. Anayefungiwa ni yule wa sarafu moja moja, na huyo ndiye mteja ambaye magendo ya kwetu yamejengwa juu yake. Atakayeuza mojamoja kwa kujificha atabaki, lakini atakuwa amejificha, na mtoto wa darasa la nane hajui kila maficho.

Linabaki lile la mkopo, na hapa sina jibu lililonyooka. Ukimwondolea kaka kijana wa boda, umemwondolea mtu anayemwachia bidhaa bila pesa mkononi. Kampuni ya sigara ikianza kutoa mkopo nayo, tutakuwa tumeisaidia kampuni kuuza zaidi, na hilo silitaki. Vyama vya akiba vya wenye maduka vipo, na baadhi ya wauzaji wa jumla wa unga na mafuta wameanza kuwakopesha wateja wao kupitia simu. Kaka amejaribu mmoja wa hao. Katoni ya jioni bado anaichukua, ila kwa wiki kadhaa sasa, ananiambia, anaichukua nusu, kwa sababu unga tayari umekopwa kwingine na pesa ya sigara haimkabi kama zamani. Wakati wa kujadili mswada wa fedha wa kaunti, wananchi huitwa kutoa maoni. Nimemwambia aje naye, atoe habari hiyo ya unga kwa mdomo wake mwenyewe. Ameniuliza kama nauli nitalipa mimi.